Mtoto Aliyeisumbua Bunduki ya Akida

Kijijini, chini ya Matogoro,
Songea, Desemba 1911.

Kwa Bwana Mkubwa wa Boma,
Songea.

Bwana Mkubwa,

Shikamoo. Kwa miaka yangu ni wewe uliyepaswa kuniamkia, maana nilikuwa nimekwisha kulea kabla mama yako hajakuota, lakini mwenye boma haulizwi umri, kwa hiyo naanza mimi. Natumaini hujambo, na wa nyumbani kwako huko ng'ambo hawajambo. Huku kwetu hatujambo kwa kiasi.

Mimi ni Walburga, mjane, mama wa marehemu Kunegunda, bibi wa mtoto Beda. Kusoma sijui. Anayeniandikia ni Isidori, mtoto wa mdogo wangu, aliyefundishwa herufi kule misheni. Isidori ni mwoga. Kila nikitaja jina la mtu anasimamisha kalamu na kuangalia mlangoni, basi ukiona wino umemwagika mahali, ujue hapo palikuwa na neno la kweli. Nimemwambia aandike kila nisemalo na asinitilie "tafadhali" zake katikati.

Barua hii si ya kumshitaki Akida. Hasha! Akida Salum, mliyetuletea kutoka pwani baada ya vita, ni mtu mwema, ana kanzu safi na sauti kubwa. Mimi namtetea. Ninaowashitaki ni watoto. Akida amemhukumu mjukuu wangu Beda kwa kosa la kuisumbua bunduki yake, na Jumatatu anataka kumleta kwako amefungwa kamba. Hukumu hiyo nimeisikia kwa masikio yangu mawili, nikaona ni hukumu ya akili nyingi, ila imeishia njiani. Naomba wewe uifikishe mwisho.

Mambo yalikwenda hivi. Siku hiyo tulikuwa na shauri la mpaka wa shamba, tukaenda nyumbani kwa Akida, tukaingia ndani watu wazima. Watoto tukawaacha kibarazani kama siku zote, kwa kuwa hatuna pengine pa kuwaacha na Akida hapendi kelele mbele yake. Hapo kibarazani, kwenye nguzo ya mlango, ndipo inaposimama bunduki yake. Haiingizwi ndani hata siku moja. Akida amesema mara nyingi kwamba mtu akiiona anapopita mlangoni, akifika ndani atasema kweli. Tena lazima iwe na risasi na mtambo uwe umevutwa kabisa, kwa sababu bunduki tupu, anasema, haimtishi Mngoni. Ukutani, nyuma ya nguzo hiyo, ametundika picha ya Kaizari.

Beda bado ana meno ya utoto. Alizaliwa mwaka wa vita. Siku hiyo alikuwa akicheza na Mwanaisha, binti wa Akida mwenyewe, wa kimo kile kile. Wanapendana sana hao, mambo ya huyu wa pwani na huyu wa bara hawajayajua. Walikuwa wakicheza vita. Mwanaisha akachota maji kwa kibuyu, akajimwagia kichwani, akasimama ukutani ametunisha kifua. Beda akailaza bunduki juu ya kigoda, maana kuinyanyua hakuweza. Sisi ndani tukasikia mlio. Mimi nililala chini kwanza, uso kwenye udongo, kama tulivyozoea mwaka ule, na baadaye ndipo nikakumbuka kwamba nina mjukuu huko nje. Jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Risasi ilipita kwenye mkono wa Mwanaisha, juu ya kiwiko, ikaenda kumpata Kaizari chini ya pua, kwenye masharubu. Mtoto yu hai, namshukuru Mungu, na masista wamemfunga dawa, ila vidole vya mkono huo havikunjiki. Kesho yake Akida aliketi akahukumu. Akasema Beda ana makosa matatu: ameigusa bunduki ya Akida, amempiga Kaizari, na amegawa dawa ya maji. Adhabu yake ni hamsa ishirini za kiboko, zile ishirini na tano zenu, na kupelekwa Boma akakae kifungoni. Bunduki ilifutwa vumbi, ikatiwa risasi nyingine, ikarudishwa kwenye nguzo ile ile.

Nilisimama nikauliza kama haiwezekani kuiweka mahali ambapo mtoto hafiki. Akida alicheka. Akasema hakuna mtu mzima duniani anayeweza kukiweka kitu mtoto asikipate, hata Wajerumani wenyewe hawajaweza. Nikakaa chini. Neno hilo nimelifikiria sana nikipalilia, nikaona kumbe ni kweli tupu, na sasa naleta malalamiko yangu juu ya watoto, moja moja, ili Boma liyashughulikie.

1. Watoto wana miguu. Bunduki ya Akida haina. Tangu ifike kijijini haijawahi kutoka kwenye nguzo yake kwenda kumtafuta mtoto nyumbani kwao. Haijaingia jikoni kwangu, haijafunua chungu, haijamwamsha mtu usingizini. Imetulia pale kama mgeni mwenye adabu. Beda ndiye aliyeinuka kwenye vumbi akaifuata. Sasa kati ya hao wawili mchokozi ni nani? Akida aliuliza swali hilo mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu na askari alikuwa ananitazama.

2. Watoto ni wafupi. Waliotengeneza bunduki huko kwenu waliuweka mtambo chini, hata bunduki ikisimamishwa mtambo unakuwa kwenye goti la mtu mzima, na hapo ndipo mkono wa mtoto unapofika akisimama bila hata kunyoosha vidole. Akida yeye hutazama juu, kwenye mdomo wa bunduki, ambako Beda hafiki, akaona pana usalama wa kutosha. Kwa hiyo kosa ni la watoto kuwa wafupi. Wangekuwa warefu wangefika juu, na hilo nalo lingekuwa kosa. Naomba Boma litoe amri ya kimo kinachofaa, nasi tutajitahidi kuwazaa hivyo.

3. Watoto ni wembamba mno. Hili limemuudhi Akida kuliko yote. Shauri zima lilikuwa la masharubu. Picha ilishushwa ukutani, ikapitishwa mkono kwa mkono, na kila mtu ilimpasa atie kidole kwenye tundu kisha asikitike. Tulisikitika kwa zamu. Mwanaisha alikuwa ameketi pale pale, kitambaa mkononi, damu imekauka, na hakuna aliyeambiwa amtazame. Alitajwa mara moja tu, ili kuonyesha njia ambayo risasi ilipita. Akida alisema, na Isidori ni shahidi ingawa sasa anatikisa kichwa, kwamba mtoto angekuwa na nyama mwilini risasi ingeishia kwake na Kaizari angesalimika. Ni binti yake huyo, Bwana Mkubwa. Amemzaa yeye. Mama yake mtoto alikuwa nyuma ya pazia, na nilisikia akivuta pumzi kama mtu aliyeshika chungu cha moto kwa mikono mitupu. Basi naomba watoto wote wanaocheza mbele ya picha za Serikali walishwe mpaka wanenepe.

4. Watoto wanaijua vita nusu. Hapa Isidori amesimamisha kalamu tena. Andika, mwanangu, hakuna atakayekula.

Bwana Mkubwa, tangu mwaka ule wa kamba, mlipowanyonga watu wetu, hakuna anayeitaja vita ndani ya nyumba yenye mtoto. Baba yake Beda aliitwa bomani mwaka huo, akaenda kwa miguu yake mwenyewe, hakurudi. Mimi nimemwambia Beda kwamba baba amesafiri. Hapa kwetu kila nyumba ina baba aliyesafiri. Watoto wameokota vipande vya habari huku na huku: kwamba palikuwa na maji, kwamba aliyenyunyiziwa risasi haimpati, kwamba watu walikwenda wengi wakiimba. Mwisho wake hawaujui, maana sisi tulioujua tumefunga midomo, kwa kuwaogopa ninyi na kwa uchungu wetu wenyewe. Ndiyo sababu Mwanaisha alipojimwagia maji alisimama wima akangoja. Na alipopigwa hakulia kwanza. Aliuliza mbona maji hayakufanya kazi.

Akida ameandika kwamba hiyo ni dawa ya uasi na kwamba Beda ndiye mganga wake. Haya. Mliizima vita ile kwa bunduki nyingi na moto mwingi, kumbe mlikuwa mmesahau kibuyu kimoja cha kuogeshea watoto, tena kipo nyumbani kwa Akida! Nakubali kwamba kosa hili ni letu pia. Mwisho wa vita tuliwaficha watoto wetu vizuri sana, wasiupate hata chembe, na bunduki ikaachwa wazi mlangoni.

5. Watoto wanajibu vibaya. Beda aliulizwa ni nani aliyempa bunduki. Akasema ilikuwepo. Akaulizwa tena kwa ukali, akasema tena ilikuwepo. Akida akasema huo ni ujeuri, na ukaandikwa.

6. Watoto wanajimilikisha mali za watu. Hapa naomba unisikilize vizuri, Bwana Mkubwa, maana wewe mwenyewe ulikuwepo. Siku ulipomkabidhi Akida bunduki ile tulikusanywa wote uwanjani tushuhudie. Ulisema kwa kinywa chako, na mkalimani akalitoa kwa sauti hata sisi wa nyuma tukasikia: bunduki hii ni yako Salum, na lolote itakalofanya utajibu wewe. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, nikidhani nimeelewa.

Kumbe sikuelewa. Akida ametueleza sasa. Ilipomuua nyati kule bondeni ilikuwa bunduki ya Akida, na paja likaenda kwake, na ngozi, na sifa zote. Ilipowafukuza nguruwe mwitu kwenye mahindi yake ilikuwa bunduki ya Akida, ingawa walipoingia kwenye mahindi yetu ilikuwa imechoka. Anapopita nayo njiani nasi tunachuchumaa pembeni, hiyo ni bunduki ya Akida kabisa kabisa. Ila siku ilipomtoboa Mwanaisha mkono, dakika ile ile ikawa bunduki ya Beda. Akida hakuwa nayo. Akida alikuwa ndani akisikiliza mambo ya mpaka. Ulisema mwenyewe atajibu, naye amejibu: aliyeishika ndiye mwenyewe.

Mimi sibishani na sheria. Ninachoomba ni haki za mwenye mali. Kama bunduki ni ya Beda, basi apewe kile cheti cha bunduki chenye muhuri ulichompa Akida. Apewe na paja la nyati, hata kama ni la zamani. Na Akida akikutana naye njiani achuchumae.

7. Watoto ni wengi mno na hawana vyeti. Baada ya vita mlikusanya mikuki yetu, pinde zetu, na magobori yote mpaka yale mabovu tuliyokuwa tunafukuzia ndege. Mlifanya kazi safi. Leo sina hata mkuki wa kuulia nyoka aliyeingia kwenye kuni, namwomba tu aondoke. Sasa kijiji kizima kimebaki na bunduki moja na watoto wasiohesabika, na vitu hivyo viwili vikikutana ni hatari. Mtu mwenye akili ataondoa kipi? Bunduki haiwezekani, Akida ataonekana mfupi. Basi kusanyeni watoto.

Njia mnaijua. Askari wapite nyumba kwa nyumba, waangalie uvunguni na kwenye vihenge, maana kina mama watawaficha kama walivyoficha magobori. Waletwe bomani wafungiwe kwenye ile nyumba ya mawe yenye kufuli kubwa, mnamoweka silaha. Nyumba yenye mwenendo mzuri ipewe mtoto mmoja kwa cheti, na ikibidi kumtoa nje mtoto huyo awe hana kitu ndani yake, wala njaa wala maswali, na mikono yake iwe imefungwa. Jua likizama arudishwe. Mzazi atakayemwacha mtoto wake ameegemea nguzo, amejaa, tayari kucheza, afungwe miaka mingi, maana huo ni uzembe usiosameheka. Kama nyumba ya mawe haitatosha, basi watoto wafungwe kwenye nguzo za vibaraza vyao na bunduki iachwe itembee, ibarizi, ione nchi.

Isidori anauliza kama nimechoka. Sijachoka.

8. Mwisho ni mgongo wa Beda. Askari aliyekuja kumtazama aliweka kiboko juu ya mgongo wake akaona kiboko kimezidi huku na huku. Akamwambia Akida kwamba hamsa ishirini haziwezi kuenea hapo. Askari huyo ana mtoto wake mwenyewe, niliona alivyogeuza uso. Akida akakuna kidevu, akasema basi mtoto atunzwe kifungoni mpaka mgongo utakapofaa.

Nilitaka kuuliza jambo moja la nyumbani. Je, nimlishe? Nikimlisha vizuri atakua upesi, na siku ya kiboko itafika upesi. Nikimnyima atabaki mdogo na kiboko hakitaenea, lakini atakufa. Kila jioni namkatia ugali nikisimama na mwiko mkononi kama mwehu, sijui nimwongeze au nimpunguzie, naye ananitazama akidhani nimekasirika. Akida hakunieleza. Ninyi wenye elimu mtakuwa mmekwisha kuliandikia amri mahali, nami nangoja kuisikia. Mtoto huyu ndiye peke yake niliyebakiwa naye. Hilo silileti kama lalamiko.

Nimefika mwisho wa malalamiko yangu, na kalamu ya Isidori nayo imefika mwisho wa ncha. Nisalimie askari wote wa Boma, hasa yule niliyemsema. Nisalimie mpishi wako, na mkalimani aliyetafsiri maneno yale mazuri uwanjani, na nyumbu wako niliyesikia anaumwa mguu. Ukimwandikia Kaizari mpe pole yetu ya masharubu, mwambie sisi wanawake wa hapa tumeona mengi yakiota tena. Mama yake Mwanaisha hakunituma nikusalimu, lakini mpokelee tu. Mwanaisha mwenyewe anakuamkia kwa mkono wa kushoto, umsamehe, siku hizi ndio alio nao.

Ni mimi ninayekubali kila kitu,

Walburga
(msalaba huu ni wangu) +
Kwa mkono wa Isidori.

Nyongeza.

Bwana Mkubwa, barua ilikuwa imekwisha kukunjwa. Nimemwambia Isidori aikunjue. Yote yaliyoandikwa hapo juu, kuanzia namba ya kwanza mpaka ya nane, yafute. Ni upuuzi. Limetokea jambo.

Mchana huu Akida amekuja hapa kwangu mwenyewe. Alikuwa na hofu kwamba nitamtorosha Beda kwa ndugu zangu Lusewa kabla ya Jumatatu, na sisemi alikosea. Mwanaisha alimfuata nyuma, kitambaa mkononi. Mvua ikawakuta hapa. Nilimkaribisha Akida kama mgeni yeyote, nikampa togwa na ugali wa moto na mboga za maboga, akala akashiba, akajinyoosha kwenye mkeka wangu kibarazani, akalala. Bunduki aliiegemeza kwenye kihenge changu. Ina risasi, mtambo umevutwa.

Mimi nilikuwa nasuuza vyombo. Nilipoinua macho niliona Mwanaisha amesimama kwenye mtungi wangu, kwa mkono wake mzima anachota maji kwa kibuyu. Anajimwagia kichwani. Na Beda anakwenda kwenye kihenge. Wale wale, Bwana Mkubwa! Mchezo ule ule! Mtoto mwenye tundu mkononi anajimwagia maji mara ya pili, kwa sababu huenda mara ya kwanza hayakutosha, na baba yake anakoroma palepale miguuni pake.

Nilifika mimi kwanza. Sijui nilivyofika, magoti yangu haya unayajua wewe? Nikaichukua.

Sasa nikwambie iko wapi. Juu ya moto wangu, chini ya paa, nina kichanja cha mbegu. Kila nyumba huku inacho. Mwaka wa njaa, vihenge vyetu vilipochomwa, tulibaki na mbegu kidogo, tukazipandisha huko kwenye moshi ili watoto wasizifikie. Watoto walikuwa na njaa, Bwana Mkubwa, si njaa ya kuchelewa kula. Walilala chini ya mbegu zile wakizitazama. Mwanangu Kunegunda, mama yake Beda, alifia pale pale chini ya kichanja, mtu mzima, mwenye mikono mirefu, na hakunyoosha mkono kwa sababu nilikuwa nimesema ni mbegu. Nilimnyima. Namlilia kila siku, lakini tulipanda, na Beda akaishi kwa mahindi yale. Basi Akida asiniambie mimi kwamba hakuna mtu mzima anayeweza kukiweka kitu mtoto asikipate. Sisi tuliwaficha watoto wetu chakula nao wanakufa njaa. Bunduki hailiwi hata! Mwaka huu tumekwisha kupanda, kichanja ni kitupu, nafasi ilikuwepo. Nimeiweka huko na mlango nimeufunga kwa kigogo. Imenichukua muda wa kusema Baba Yetu mara moja, na Baba Yetu yenyewe niliisema.

Najua adhabu ya Mngoni aliyekutwa na bunduki nyumbani kwake. Nani hapa asiyeijua? Kwa hiyo sisubiri unikute. Nimeishika, ninayo, nakuandikia. Sasa amua. Kama sheria ni ile aliyotufundisha Akida, kwamba bunduki ni ya aliyeishika, basi kuanzia mchana huu ni yangu mimi na Beda haimhusu tena. Nina mgongo mrefu wa kutosha, na shingo pia. Na kama sheria ni ile uliyoisema wewe uwanjani nasi tukapiga makofi, basi mwenyewe yuko hapa kibarazani kwangu, amelala chali, mje mmchukue kabla hajaamka akaanza kuitafuta. Ukichagua hii au ile, mtoto hayumo. Wote wawili hawamo.

Isidori anakuja na barua hii mbio, sasa hivi, mvua au si mvua. Safari hii ameandika bila kuangalia mlangoni. Utume mtu mzima aje kuishusha, na aje na mwili wa kutosha kufika juu.

Beda ameniuliza bunduki iko wapi. Nimemwambia iko juu, haifikiki. Amesema sawa, wameenda na Mwanaisha kucheza matope.